PLASMA SI SERUMU: IANDIKWE KWA JINA LAKE



Kazini kwetu hakuna karani anayeandika neno «shaba» peke yake. Mawe yanayotoka shimoni yana shaba, blista inayotoka tanuruni ni shaba, kathodi nayo ni shaba. Lakini kila moja ina jina lake, uzito wake na namba yake katika rejista. Karani akiandika «shaba, tani kumi» na kunyamaza, mkubwa wake atamwuliza mara moja: shaba gani? Bei yake si moja, na kazi yake si moja.

Hospitalini ni namna hiyo hiyo. Mara nyingi tunasikia jamaa wakisema: «Mgonjwa amewekewa damu.» Sawa, lakini damu gani? Damu nzima? Chembe nyekundu peke yake? Plasma? Na kama hata katika fishi ya mgonjwa imeandikwa «damu, mifuko 3», basi munganga wa zamu inayofuata hajui kitu. Mwezi huu tuzungumze juu ya plasma, sababu ndiyo inayochanganywa upesi na vitu vingine, na kuchanganya huko kunaweza kuua mtu.

Plasma ni nini?

Ukiacha damu itulie ndani ya mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande, utaona inajigawa. Chini ni nyekundu nzito: hizo ni chembe nyekundu, zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Juu ni maji ya rangi ya manjano: hayo ndiyo plasma. Ni zaidi kidogo ya nusu ya damu yote. Hospitali kubwa zina mashine inayozungusha mfuko kwa nguvu ili kazi hiyo ifanyike upesi.

Ndani ya plasma mna maji mengi, chumvi, na vitu vya protini. Baadhi ya protini hizo ni askari wa mwili. Nyingine ndizo zinazogandisha damu mtu akijikata. Kwa hiyo plasma hupewa hasa mgonjwa anayetoka damu isiyotaka kuganda: mama aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kuzaa, mfanyakazi aliyepondwa na mashine na kuwekewa mifuko mingi ya chembe nyekundu, au mtu ambaye ini lake limeharibika.

Plasma si chakula na si dawa ya nguvu. Mtoto aliyeishiwa damu kwa sababu ya malaria anahitaji chembe nyekundu, hahitaji plasma. Mtoto wa drepanositozi naye, damu yake ikishuka sana, ni chembe nyekundu anazokosa. Jamaa wasimsumbue munganga wakidai «ile ya manjano» eti itampa mgonjwa nguvu.

Katika hospitali nyingi za inchi yetu damu bado inatolewa nzima, kama ilivyotoka kwa mtu aliyeitoa. Plasma iliyotengwa ni haba. Sababu hiyo hiyo inatulazimisha kuiandika vizuri, maana kitu kisichoonekana kila siku ndicho mtu anachokosea jina.

Vitu vitatu vinavyochanganywa

Kwanza, serumu. Kwetu kila chupa inayotundikwa juu ya kitanda tunaiita serumu. Ile ni maji yenye chumvi au sukari, yametengenezwa kiwandani. Haina damu ya mtu, haina grupu. Plasma nayo ni ya manjano na inatundikwa vile vile, basi anayepita karibu anaweza kuandika «serumu 250 ml». Akiandika hivyo, amefuta plasma katika maisha ya mgonjwa huyo. Kesho akipata homa au vipele, hakuna atakayefikiri juu ya plasma.

Pili, dawa zenye jina linalofanana. Kuna maji ya kiwandani yanayoitwa Plasmion, na mengine yanaitwa Plasma-Lyte. Majina yanaanza na «plasma», lakini si plasma ya mtu. Hayana protini za kugandisha damu. Anayefupisha na kuandika «plasma» amemdanganya munganga bila kukusudia: munganga atafikiri mgonjwa amekwisha kupewa kitu cha kugandisha damu, kumbe bado.

Tatu, damu yenyewe. Hapa ndipo hatari kubwa zaidi ilipo, nasi tutaieleza polepole.

Grupu ya plasma inakwenda kinyume

Wengi wetu tunajua grupu za damu: A, B, AB na O. Zilianza kufahamika mwaka 1901 kwa kazi ya munganga Karl Landsteiner huko Vienna. Tunajua pia kwamba mtu wa O anaweza kusaidia grupu zote kwa chembe nyekundu zake, Rhesus ikiangaliwa. Tumezoea kusema: «O anampa kila mtu.»

Kwa plasma, sheria hiyo inageuka. Askari walio ndani ya plasma ya mtu wa O wanapiga chembe za A na chembe za B. Kwa hiyo plasma ya O inafaa kwa mgonjwa wa O peke yake. Plasma ya A inafaa kwa mgonjwa wa A na wa O. Plasma ya B inafaa kwa mgonjwa wa B na wa O. Plasma ya AB ndiyo inayofaa kwa wote, sababu haina askari wa kupiga A wala B.

Tuseme mama mmoja wa grupu A anatokwa na damu usiku, baada ya kuzaa. Damu ya A imekwisha katika friji, basi anawekewa mfuko wa chembe nyekundu za O. Ni halali, na anaendelea vizuri. Lakini katika fishi mtu ameandika tu: «Mfuko 1, O, hakuna shida.» Zamu inabadilika. Anayekuja anaambiwa atundike plasma. Anasoma fishi, anaona O imepita bila shida, naye anachukua plasma ya O. Sasa askari wa plasma hiyo wanaingia mwilini na kuanza kuvunja chembe za mama. Neno moja lililokosekana, «chembe nyekundu», ndilo lililofungua mlango.

Hesabu ya mifuko nayo ina maana. Mgonjwa aliyepewa mifuko 6 ya chembe nyekundu bila plasma, damu yake imepungukiwa vitu vya kugandisha. Aliyepewa mifuko 3 ya chembe na 3 ya plasma yuko katika hali nyingine. Kama fishi ya wote wawili inasema «damu, mifuko 6», munganga anatibu gizani.

Andika mililita

Mfuko mmoja wa plasma una karibu mililita 200 mpaka 250. Kipimo cha kawaida ni mililita 10 mpaka 15 kwa kila kilo ya mwili. Mtu mzima wa kilo 60 atapewa mililita 600 mpaka 900, ndiyo mifuko 3 au 4. Mtoto wa kilo 10 atapewa mililita 100 mpaka 150 tu, hamalizi hata mfuko mmoja. Ukiandika «mfuko 1» kwa mtoto huyo, umeandika uwongo. Mwenzako akifikiri kwamba mililita 250 zimekwisha kuingia, hesabu yake yote itapotoka. Moyo na mapafu ya mtoto ni madogo; maji yakizidi, anaanza kupumua kwa taabu.

Kwa hiyo andika vyote viwili: namba ya mfuko, na mililita zilizoingia kweli. Mabaki yaliyotupwa yaandikwe pia.

Tena plasma ina saa zake. Inakaa ndani ya baridi kali, chini ya digri 18 za barafu. Ikitakiwa, inayeyushwa ndani ya maji ya digri 37, si maji ya moto ya jikoni, maana moto unaharibu protini. Ikisha kuyeyuka hairudishwi barafuni. Basi saa ya kuyeyusha iandikwe, na saa ya kuanza, na saa ya kumaliza. Umeme ukikatika na friji ikipata joto, hilo pia ni neno la kuandika.

Saa hizo zinamsaidia mgonjwa. Vipele na kujikuna mara nyingi vinaonekana mapema. Lakini kuna ubaya mwingine, wa mapafu kujaa maji, unaoweza kutokea mpaka saa 6 baada ya plasma. Mgonjwa anaanza kuhema, na watu wanadhani ni malaria au pumu. Kama saa ya kumaliza imeandikwa, munganga anahesabu na kuelewa. Ndiyo sababu mwuguzi anapima joto, mapigo ya moyo na pumzi kabla ya kuanza, tena baada ya dakika 15, tena mwishoni. Hakuna anayepima kwa kupenda kusumbua watu.

Karatasi zilifundisha nini katika inchi yetu

Mtu anaweza kusema: haya ni maneno ya ofisini, mgonjwa akipona yametosha. Tutazame mambo mawili yaliyotokea kwetu.

La kwanza ni la Kinshasa. Katika miaka ya 1980, wakati ugonjwa wa SIDA ulipokuwa ukienea, wanganga wa hospitali Mama Yemo walichunguza watoto waliolazwa kwa malaria na kuongezewa damu. Mwaka 1988 walitangaza matokeo: kadiri mtoto alivyoongezewa damu mara nyingi, ndivyo virusi vya SIDA vilivyoonekana zaidi. Neno hilo lisingalijulikana kama hakuna aliyeandika ni mtoto gani aliwekewa damu, na mara ngapi. Karatasi ndizo zilizoshuhudia. Leo kila mfuko unapaswa kupimwa SIDA, hepatiti B, hepatiti C na kaswende kabla ya kutumiwa, na wanganga wanajifunza kutoweka damu pasipo lazima.

La pili ni la Kikwit. Mwaka 1995 Ebola ilishika mji ule, ikaua karibu watu wanne kwa kila watano waliougua. Wagonjwa 8 walipewa damu nzima ya watu waliokwisha kupona. Kati yao 7 walipona. Watu walifurahi sana. Lakini wenye kuchunguza walisoma habari zao vizuri wakaona kwamba wagonjwa hao walitibiwa mwishoni mwa ugonjwa, wakati uangalizi ulikuwa umekuwa mzuri zaidi. Je, ni damu iliyowaponya, ao ni uangalizi? Haikuwezekana kujua.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2015, Guinea walijaribu tena, safari hii kwa plasma. Waliandika kila kitu: wagonjwa 84, kila mmoja mifuko miwili ya mililita 200 mpaka 250, siku gani, kutoka kwa nani. Kwa hesabu hiyo waliweza kusema wazi: plasma haikuleta hatari kubwa, lakini haikuonyesha pia kwamba inaokoa wagonjwa wengi zaidi. Jibu halikuwa tamu, lakini lilikuwa jibu. Pasipo maandishi, watu wangaliendelea kubishana mpaka leo.

Inchi nyingine nazo zimejifunza kwa machozi. Ufaransa, baada ya watu wengi kupata SIDA kwa njia ya damu, ilitunga sheria mwaka 1993 ili kila mfuko ufuatwe kutoka kwa mtoaji mpaka kwa mgonjwa. Umoja wa Ulaya, mwaka 2002, uliamuru maandishi hayo yatunzwe kwa miaka 30 ao zaidi. Uingereza inakusanya habari za ajali za damu tangu mwaka 1996, na mwaka kwa mwaka inaonekana kwamba nyingi zinatokana na makosa ya watu: jina lililochanganywa, etiketi isiyosomwa.

Kwa nini miaka 30? Sababu mtoaji anaweza kuonekana mzima leo, kisha baadaye ikajulikana alikuwa na ugonjwa. Hapo inatakiwa kutafuta: mfuko wake ulikwenda kwa nani? Na damu ya mtu mmoja inaweza kugawanywa, chembe kwa mgonjwa huyu, plasma kwa mgonjwa yule. Kama plasma haikuandikwa, mgonjwa mmoja ataitwa na kupimwa, na mwingine atabaki nyumbani bila kujua.

Hesabu kama ya baruti

Wachimbaji wanajua namna baruti inavyotunzwa. Zilizotoka ghalani zinahesabiwa, zilizotumika zinahesabiwa, zilizobaki zinarudishwa. Hesabu isipolingana, hakuna anayekwenda nyumbani.

Tufanye vile vile kwa plasma. Kuna maandishi ya namna tatu: rejista ya benki ya damu, fishi ya mgonjwa, na ripoti ya mwezi. Mifuko iliyotoka benki lazima ilingane na iliyopewa wagonjwa, pamoja na iliyorudishwa na iliyotupwa. Kama imetoka 12, fishi zinaonyesha 8, na 1 imetupwa, tuulize: hiyo mitatu iko wapi? Pengine imeandikwa serumu. Pengine imeandikwa damu. Pengine haikuandikwa kabisa. Na ripoti ikisema 8, mwezi ujao hospitali itapanga kwa 8, na mgonjwa wa tisa atakosa.

Katika fishi, mambo haya yasikosekane:

1. Jina lote la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, na matrikile.
2. Grupu ya mgonjwa, na grupu ya mfuko.
3. Jina kamili la kitu: damu nzima, chembe nyekundu, ao plasma.
4. Namba ya mfuko, iliyonakiliwa kutoka kwenye etiketi.
5. Sababu ya kukipa.
6. Tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na mililita zilizoingia.
7. Joto, mapigo na pumzi. Na ubaya wowote ulioonekana.
8. Jina na saini ya aliyetundika, na ya aliyehakikisha pamoja naye.

Juu ya matrikile, neno moja. Mke na watoto wakitibiwa kwa matrikile ya baba, namba moja inabeba watu sita ao saba. Tena katika chumba kimoja wanaweza kulala Ilunga wawili na Kabwe watatu. Kwa hiyo matrikile peke yake haitoshi, na jina moja peke yake halitoshi.

Kazi ya jamaa

Ninyi mnaolinda mgonjwa, msifikiri hii ni kazi ya wanganga tu. Mwuguzi akija na mfuko na kuuliza tena jina la mgonjwa, ingawa amemwuliza asubuhi, msikasirike. Jibuni jina lote. Mgonjwa akiwa na fahamu, mwacheni ajitaje mwenyewe.

Ulizeni kwa heshima: «Munganga, hii ni nini?» Mkiambiwa plasma, shikeni neno hilo. Mkiona mgonjwa anatetemeka, anajikuna, analalamika mgongo ao anahema, mwiteni mwuguzi mara moja, hata kama ni saa nane ya usiku.

Siku ya kutoka, ombeni karatasi ionyeshe alichopewa. Anayekaa Makomeno anaweza kuanza katika dispanseri ya kampuni, kisha akahamishwa hospitalini, na mwisho akafika Sendwe ao kwenye Kliniki za Univerisite. Mahali pote hapo wanganga hawajuani, ila karatasi inatembea pamoja na mgonjwa. Mama aliyewahi kuongezewa damu ao plasma aseme hivyo kila mara anapokwenda na fishi ya CPN, maana mwili wake unaweza kuwa umejifunza kuikataa damu fulani, na munganga anapaswa kujua mapema, kabla ya siku ya kuzaa. Wazazi wa watoto wa drepanositozi nao wawe na daftari moja tu, wasibadilishe kila mwaka.

Msifungie karanga kwa karatasi hiyo. Iwekeni pamoja na karatasi za kuzaliwa na za ndoa.

Plasma inatoka katika mkono wa mtu aliyekubali kuchomwa sindano kwa ajili ya mwingine asiyemjua. Kuandika jina lake, namba yake na mililita zake kunachukua dakika chache. Basi wenzangu wa blauzi nyeupe, zamu ya usiku ikiwa ndefu na mikono imechoka, msiandike «damu» na kwenda kulala. Andikeni plasma, kama ni plasma.